Jeni Zinasema Nini Mtoto Anapougua Kifua: Mwongozo wa Utafiti Kuanzia Kitandani Hadi kwenye Kompyuta

Watoto wawili wamelazwa wodi moja, vitanda vinafuatana. Wote wana miezi mitatu, wote wamepimwa puani na kukutwa na virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa. Wa kwanza anahema mara 68 kwa dakika, kifua kinabonyea ndani, na leo ni siku ya tatu yuko kwenye oksijeni. Wa pili amezibuliwa pua kwa matone ya maji ya chumvi, ananyonya vizuri, kesho ataruhusiwa. Kirusi ni kilekile, umri ni uleule. Kwa nini huyu ateseke hivi na mwenzake apone kama aliyepata mafua ya kawaida?

Kipimo cha pua hakiwezi kujibu. Kinatuambia mgeni gani kaingia nyumbani, hakituambii wenye nyumba wanafanya nini. Ili kujua hilo inabidi tuangalie jeni zipi zimewaka na zipi zimezimika katika mwili wa mtoto wakati wa ugonjwa. Na jambo lenyewe si dogo: kwa makadirio ya mwaka 2019, RSV peke yake ilisababisha vifo vya watoto wapatao 101,400 wenye umri chini ya miaka 5 duniani, na zaidi ya 95% ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni watoto wa kwetu hao.

Ninamwandikia mwanafunzi wa uzamili, mtaalamu wa maabara au daktari kijana anayetaka kufanya utafiti wa namna hii katika hospitali zetu. Kila anayekuja kujifunza kwangu humwambia jambo moja: utafiti huu unafaulu au unaharibika katika dakika kumi za kando ya kitanda, na kwenye fomu aliyoijaza muuguzi, kabla mashine yoyote haijawashwa. Kwa hiyo usishangae ukiona hatua za kompyuta nimezipita haraka na za kitandani nimezikalia.

Kwanza, jua unachopima

Kila chembe ya mwili, ukiacha chache kama chembe nyekundu za damu zilizokomaa, ina DNA ileile, yenye jeni takriban 20,000 zinazotengeneza protini. Ni sawa na mpishi mwenye kitabu kizima cha mapishi. Siku ya harusi anapika pilau, siku ya msiba anapika kingine, lakini kitabu hakijabadilika. Jeni inapotumika, chembe huiandika nakala ya RNA, na nakala hiyo ndiyo inayopelekwa kutengenezea protini. Kuhesabu RNA ni kufunua vyungu jikoni kuona leo kinapikwa nini.

Kirusi kikivamia, jambo la kwanza chembe hufanya ni kupiga mbiu. Mbiu hiyo inaitwa interferoni. Iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko London. Chembe jirani zikiisikia huwasha jeni nyingi kwa pamoja: MX1, OAS1, IFIT1, ISG15, RSAD2, IFI44L. Yazoee majina haya, utakutana nayo kila siku. Kuna kundi la pili, jeni za nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazokimbilia penye uvimbe. La tatu ni la limfosaiti za T na B, chembe nyeupe nyingine za kinga, ambazo mara nyingi sauti yake hushuka katika damu mtoto anapoumwa sana. Hadithi kubwa ya ugonjwa wa kifua kwa watoto imo katika mizani ya makundi haya matatu.

Hatua ya 1: Andika swali moja linalojibika

"Nataka kuchunguza jeni katika maambukizi ya njia ya hewa" hilo si swali, ni hamu. Swali ni kama hili: kati ya watoto wa chini ya mwaka mmoja waliolazwa kwa RSV, je, wanaohitaji oksijeni wana mwitikio wa interferoni ulio tofauti na wa wasioihitaji, siku ileile ya ugonjwa? Hapo umeshataja umri, kirusi, kipimo cha ukali na muda.

Ukali wa ugonjwa uufafanue kwa vitu vinavyohesabika. Shirika la Afya Duniani lina mipaka ya kuhema kwa kasi: mara 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, mara 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, mara 40 kwa wa miezi 12 hadi 59. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Ongeza kifua kubonyea ndani, kushindwa kunyonya, na oksijeni ya damu iliyo chini ya 90%. Vinne hivyo, vikichukuliwa kwa namna moja kwa kila mtoto, vina thamani kuliko neno "mahututi" lililoandikwa na madaktari watano kila mmoja kwa maana yake.

Hatua ya 2: Ridhaa, na hesabu ya damu

Kibali cha kamati ya maadili hakikwepeki. Tanzania utapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Kenya utahitaji kamati iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Lakini kibali cha mezani ni kimoja, na kumweleza mama aliyekesha siku mbili ni kingine.

Usimwendee mama mtoto akiwa bado anatafutiwa mshipa. Ngoja atulie. Kaa chini, usisimame juu ya kichwa chake. Swali utakaloulizwa kwanza nalijua: "Dada, damu yote hiyo ya nini, na mwanangu mwenyewe hana damu?" Mjibu kwa kipimo anachokijua: "Mama, haifiki hata kijiko kimoja cha chai. Na ukikataa, matibabu yake hayabadiliki hata kidogo." Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kumpigia simu baba mtoto au bibi yake. Ridhaa iliyotolewa kwa haraka si ridhaa.

Hesabu yake iko hivi. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kutovuka 1% ya damu yote kwa mara moja, wala 3% katika wiki nne, kwa ajili ya utafiti. Mtoto wa kilo 4 ana kama mililita 320, kwa hiyo 1% ni mililita 3.2. Tyubu ya kuhifadhi RNA inataka mililita 2.5, na nusu mililita iende kwenye hesabu kamili ya damu. Jumla 3.0, umebaki ndani ya mpaka, lakini hakuna nafasi ya kurudia ukikosea. Mtoto wa kilo 3 huwezi kumchukulia kiasi hicho, usijaribu. Mwenye upungufu mkubwa wa damu mwache kabisa.

Hatua ya 3: Watoto wa kulinganisha

Wengi huteleza hapa. Ukimlinganisha mtoto mgonjwa wa miezi mitatu na mtoto mzima wa miaka minne, utapata maelfu ya jeni zinazotofautiana, na nyingi hazihusiani na kirusi. Damu ya mchanga ina limfosaiti nyingi kuliko nyutrofili. Mizani hiyo hugeuka mtoto anapokaribia miaka mitano. Umri peke yake ni kelele kubwa kuliko ugonjwa. Linganisha kwa mwezi, si kwa mwaka, hasa chini ya umri wa miezi 6.

Mahali pazuri pa kuwapata ni kliniki ya chanjo, kwa wakati uleule wa mwaka, maana virusi hivi vina misimu yake. Chukua damu kabla mtoto hajachomwa sindano ya chanjo, kwa kuwa chanjo nayo huwasha jeni za kinga. Na hao wazima nao wapime puani. Utashangaa wangapi wanatembea na rinovirusi, kirusi cha mafua ya kawaida, bila hata kukohoa. Utafiti wa PERCH wa visababishi vya nimonia kwa watoto, uliofanyika katika nchi saba, zikiwemo Kenya kupitia Kilifi, Zambia, Afrika Kusini, Mali na Gambia, na matokeo yake kutoka mwaka 2019, ulijengwa juu ya jambo hilihili: kukuta kirusi puani hakutoshi kukilaumu, lazima ujue kinakutwa mara ngapi kwa watoto wasioumwa. Kwa njia hiyo ndipo walipoonyesha kwamba RSV ndiyo iliyoongoza, ikibeba karibu 31% ya nimonia kali walizozichunguza kwa watoto wasio na VVU.

Hatua ya 4: Fomu, na swali la siku ya ugonjwa

Kama ningeruhusiwa kulinda kipande kimoja tu cha utafiti huu, ningelinda hiki.

Mwitikio wa interferoni hupanda mapema na kushuka ndani ya siku chache. Mtoto aliyechukuliwa damu siku ya pili na mwenzake aliyechukuliwa siku ya saba wanaweza kuonekana kama wana magonjwa mawili tofauti, kumbe ni mto mmoja umetazamwa asubuhi na jioni. Bila siku ya ugonjwa, hutajua kama jeni imeshuka kwa sababu mtoto ni dhaifu au kwa sababu umechelewa.

Ukimuuliza mama "ameanza kuumwa lini?" atakujibu siku aliyopata hofu, si siku ya kwanza ya ugonjwa. Uliza kwa kushikilia matukio. "Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alikuwa ananyonya kama kawaida?" "Jumapili mlipokwenda kanisani, pua ilikuwa inachuruzika?" "Usiku ule umeme ulipokatika, alikuwa anakohoa?" Rudi nyuma siku moja moja mpaka afike mahali aseme: hapo alikuwa mzima. Andika tarehe mbili: ya dalili ya kwanza, hata kama ni pua tu, na ya kuanza kuhema kwa shida. Kazi ya dakika tatu, na hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia usipoifanya.

Fomu iwe pia na: umri kwa siku, jinsia, uzito na kipimo cha mkono, alizaliwa na miezi mingapi ya mimba, ananyonya au la, kipimo cha malaria, hali ya VVU ya mama na mtoto, selimundu kama inajulikana, chanjo za wiki nne zilizopita, na dawa zote alizopewa. Dawa zikazie, hasa zile za jamii ya dexamethasone na prednisolone, kwa sababu hubadilisha utendaji wa jeni za kinga kwa nguvu. Uliza na dawa za duka la mtaani. Mama wengi hawazitaji wakidhani watagombezwa, basi mwambie mapema kwamba hakuna atakayemgombeza.

Malaria nayo isichukuliwe kwa wepesi katika ukanda wetu. Vimelea vya malaria huwasha jeni za interferoni vilevile. Mtoto mwenye RSV na vimelea kwa pamoja atakupa picha ya mchanganyiko. Amua tangu mwanzo: unawatoa, au unawaweka kundi lao. Usiwachanganye kimyakimya.

Hatua ya 5: Kuchukua damu

RNA ni kitu dhaifu mno. Vimeng'enya vya kuivunja viko kwenye ngozi ya mikono yako, mezani, hewani. Tena damu ikishatoka mwilini, chembe bado ziko hai na zinashtuka: zinahisi ubaridi na plastiki, na zinaanza kuwasha jeni nyingine. Ukiiacha kwenye tyubu ya kawaida saa tatu, utakuwa unapima mshtuko wa chembe ndani ya tyubu.

Ndiyo maana hutumika tyubu zenye dawa ya kusimamisha kila kitu palepale. Zinazotumika sana ni PAXgene, yenye mililita 6.9 za dawa kwa mililita 2.5 za damu, na Tempus, inayochukua mililita 3. Utaratibu wa PAXgene ninaoufuata:

Tyubu iwe kwenye joto la chumba kabla ya kuanza, isitoke jokofuni. Vaa glavu mpya. Chukua kwanza damu ya hesabu kamili, tyubu ya RNA iwe ya mwisho. Ishikilie wima, chini ya usawa wa mkono wa mtoto, ili dawa isirudi kwenye mshipa. Damu ikishaingia, geuza tyubu juu chini polepole mara 8 hadi 10. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, igeuze. Andika saa na dakika.

Damu ikitoka pungufu, usiiache ikaelea kwenye dawa nyingi kupita kiasi. Uwiano ni takriban mililita 2.8 za dawa kwa kila mililita 1 ya damu. Kama unajua wagonjwa wako ni wachanga, panga mapema na maabara namna ya kupunguza dawa, na ufanye hivyo kwa kila mtoto, mgonjwa na mzima.

Kuhusu kugeuza tyubu, nina asubuhi moja siisahau. Wodi ilijaa, muuguzi mmoja kwa watoto wengi mno, na tyubu nne ziliwekwa moja kwa moja kwenye kisanduku cha baridi bila kugeuzwa. Zilipofika kwangu damu ilikuwa imeganda chini kama ini, dawa imebaki juu, safi. RNA yake ilitoka vipande vipande. Watoto wanne walichomwa bure. Tulirudi kwa mama zao kuwaeleza ukweli, na mmoja aliniuliza kwa upole kama kuna siku damu ile itafaa kitu. Tangu siku hiyo mimi mwenyewe nasimama kando ya anayechukua damu na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka kumi.

Pua au damu?

Swali hili huulizwa sana. RSV hushambulia chembe zenye vinyweleo zilizotanda njia ya hewa, kwa hiyo puani ndiko vita ilipo. Kwenye damu unasikia mwangwi wake. Kijiti cha pua hakihitaji sindano, mama hukubali kwa urahisi, na unaweza kupima kirusi na jeni za mtoto kwa sampuli moja. Ubaya wake ni kwamba RNA ni kidogo, imechanganyika na kamasi na bakteria, na kila mchukuaji ana mkono wake. Ukiweza, chukua vyote viwili. Ukilazimika kuchagua na mtoto ni mchanga sana, pua ni uamuzi wa heshima, mradi kijiti kitumbukizwe papo hapo kwenye dawa ya kuhifadhi RNA na si kwenye maji ya kusafirishia virusi peke yake.

Hatua ya 6: Ubaridi na kutoa RNA

Mtengenezaji wa PAXgene anasema tyubu hukaa siku 3 kwenye nyuzi 18 hadi 25, au siku 5 kwenye nyuzi 2 hadi 8. Sasa jiulize: chumba chako cha Tanga au Mombasa mwezi wa pili kina nyuzi ngapi? Zaidi ya 30. Basi "joto la chumba" la kwenye karatasi si la chumba chako. Iache kwa saa 2 mahali penye kiyoyozi ili dawa ifanye kazi yake, kisha iende jokofuni au kwenye friza. Igandishe kwanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku nzima, ndipo uihamishie kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Tumia rafu ya waya, maana kwenye trei ya stairofomu tyubu huweza kupasuka.

Friza iwe na jenereta na mtu anayewajibika kwa simu usiku. Daftari la joto lijazwe mara mbili kwa siku.

Ukishatoa RNA, pima wingi na ubora. Ubora hupewa alama ya RIN, 1 hadi 10. Wengi hukubali kuanzia 7. Alama ziandike zote, hata mbaya, na angalia kama za wagonjwa na za wazima zinalingana. Kama wagonjwa wana wastani wa 7 na wazima 9, utapata "jeni za ugonjwa" ambazo kwa kweli ni jeni za RNA iliyooza.

Hatua ya 7: Kusoma RNA kwa mashine

Mambo mawili ndiyo ya kubishania na maabara inayokusomea.

La kwanza ni himoglobini. Katika damu nzima, ujumbe wa jeni za himoglobini unaweza kufika 70% ya ujumbe wote, ukaziba sauti ya chembe nyeupe. Kuna dawa za kuuondoa kabla ya kusoma. Lakini nyingine zilibuniwa kwa watu wazima, zinaondoa HBA1, HBA2 na HBB tu. Mchanga bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo jeni zake ni HBG1 na HBG2. Uliza waziwazi kama nazo zinaondolewa.

La pili ni bechi, yaani kundi la sampuli zinazopimwa pamoja. Usipeleke wagonjwa wote mwezi wa tatu na wazima wote mwezi wa tisa. Ukifanya hivyo, tofauti ya ugonjwa na tofauti ya siku ya kazi zitashikana, na hakuna hesabu itakayozitenganisha. Piga kura, changanya, kila bechi iwe na wagonjwa na wazima. Kwa damu, usomaji wa vipande vya RNA milioni 20 hadi 30 kwa kila mtoto hutosha kuhesabu jeni. Fedha inayobaki iongezee watoto. Wagonjwa watatu kwa wazima watatu ni utafiti wa panya wa maabara. Watoto wa watu hutofautiana.

Hatua ya 8: Kompyuta

Programu zote muhimu ni za bure. FastQC kuangalia ubora, fastp kusafisha, STAR kupanga vipande kwenye jinomu ya binadamu ya GRCh38, au Salmon kuvilinganisha na orodha ya nakala za RNA za binadamu, kisha DESeq2, edgeR au limma ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Usiye na kompyuta kubwa tumia Galaxy, inayofanya kazi kupitia kivinjari.

Kabla ya swali lolote la kisayansi, fanya kipimo cha uaminifu. Angalia jeni ya XIST, inayowaka kwa wasichana, na RPS4Y1, iliyo kwenye kromosomu Y ya wavulana. Mtoto aliyeandikwa msichana akiwa na RPS4Y1 juu na XIST chini, lebo zimebadilishana mahali fulani. Mtafute na jirani yake kwenye rafu. Kisha chora PCA, mchoro unaoweka karibu sampuli zinazofanana, upake rangi kwa bechi, halafu kwa umri, halafu kwa RIN, na mwisho kabisa kwa ugonjwa.

Katika fomula ya takwimu weka bechi, umri, jinsia na siku ya ugonjwa pamoja na kundi. Na kumbuka hesabu rahisi: ukijaribu jeni 20,000 kwa kipimo cha 0.05, takriban 1,000 zitaonekana "zimebadilika" hata kama hakuna chochote. Tumia marekebisho ya Benjamini na Hochberg, yanayodhibiti makosa ya namna hiyo, usome safu ya p iliyorekebishwa.

Hatua ya 9: Je, jeni imewaka, au chembe zimeongezeka?

Chukua mfano huu. Mtoto mzima ana nyutrofili 25% ya chembe nyeupe. Mgonjwa ana 60%. Jeni inayotumika ndani ya nyutrofili pekee itaonekana imepanda mara 2.4, ingawa hakuna hata nyutrofili moja iliyoongeza kazi. Wameongezeka watu sokoni, hawajapandisha sauti. Upande wa pili, jeni za limfosaiti T zitaonekana "zimekandamizwa" kwa sababu tu hisa yao imepungua.

Hapo ndipo ile nusu mililita ya hesabu kamili inapolipa. Fanya uchambuzi mara mbili, bila hesabu ya chembe na ukiwa nayo ndani ya fomula. Jeni zinazobaki baada ya mara ya pili ndizo unazoweza kusema zimewaka kweli. Zinazotoweka si takataka, zinasema habari ya chembe kuhama, na habari hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa. Ila ziite kwa jina lake.

Hatua ya 10: Kutafsiri

Usikimbilie jeni moja moja. Soma makundi: interferoni, nyutrofili, limfosaiti, uvimbe. Ukitaka kujua kama matokeo yako yana mantiki, yaweke kando ya yaliyotangulia. Mwaka 2013 Asuncion Mejias, Octavio Ramilo na wenzao walichapisha utafiti wa damu ya watoto wa chini ya miaka 2 wenye RSV. Walikuta jeni za nyutrofili, uvimbe na interferoni zimepanda, za limfosaiti T na B zimeshuka, na hali hiyo iliendelea zaidi ya mwezi mmoja baada ya ugonjwa. Lililonigusa zaidi ni hili: wachanga wa chini ya miezi 6 walikuwa na jeni za kinga zilizofifia kuliko wa miezi 6 hadi 24, ingawa ukali wa ugonjwa ulilingana. Kwa hiyo ukikuta mchanga wako ana mwitikio mdogo, huenda si kosa la maabara.

Wengine wametafuta alama ya kutenganisha virusi na bakteria. Mwaka 2016 Jethro Herberg, Michael Levin na wenzao walianza na watoto 240 wenye homa, wakapunguza orodha ya jeni 38 hadi kubaki mbili: IFI44L, inayopanda kwenye virusi, na FAM89A, inayopanda kwenye bakteria. Ndoto ya kila zahanati ni kipimo kama hicho, mtoto asipewe antibiotiki bila sababu. Lakini watoto wale walikuwa wa Ulaya na Marekani. Kwetu, mtoto mwenye bakteria ndani ya damu na vimelea vya malaria anaweza kuwa na IFI44L iliyopanda, akaambiwa ni virusi, akanyimwa dawa iliyokuwa imwokoe. Kabla ya kuitumia hapa lazima ipimwe hapa, kwa watoto wenye malaria, wenye utapiamlo na wenye selimundu.

Hatua ya 11: Thibitisha kwa watoto wengine

Jeni ulizozichagua kwa watoto fulani zitawatenganisha watoto haohao vizuri mno. Hilo si ushahidi. Weka kando tangu mwanzo kundi ambalo hutalifungua mpaka orodha yako imeandikwa na kutiwa tarehe. Kisha pima jeni chache kwa qPCR, kipimo cha kuhesabu nakala za jeni moja moja, ambacho hospitali nyingi za rufaa tayari zina mashine yake. Jeni ya kulinganishia, ile isiyotarajiwa kubadilika, nayo ichunguzwe: GAPDH hutumika kwa mazoea, lakini kwa mtoto mgonjwa huweza kuyumba. Tumia mbili au tatu.

Kuhifadhi na kutoa data

Vipande ghafi vya RNA vina alama za urithi za mtoto, vinaweza kumtambulisha. Viweke kwenye hazina yenye ulinzi kama EGA, na jedwali la hesabu za jeni ndilo uliweke wazi kwenye GEO, hazina ya data za jeni ya mtandaoni. Ondoa tarehe ya kuzaliwa, acha umri kwa wiki. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Masharti ya kutoa data nje ya nchi yasomwe kabla ya kutia saini ushirikiano, si baada ya sampuli kupanda ndege.

Kama bado huna sampuli hata moja

Anza leo. GEO iko wazi tangu mwaka 2000 na haidai malipo. Fungua GSE38900, data ya ule utafiti wa RSV wa 2013. Ilipimwa kwa vibao vya kunasa jeni (microarray), teknolojia iliyotangulia usomaji wa vipande, kwa hiyo tumia limma. Tafuta XIST na uone kama inawagawa watoto makundi mawili. Kisha chora IFI44L, wagonjwa upande mmoja na wazima upande mwingine, halafu paka rangi kwa umri. Ukiona wachanga wamejipanga mahali pao, rudi kwenye fomu yako ya Hatua ya 4 uongeze kilichokosekana, kabla hujachapisha nakala za wodini.